Kumsemea Mwenzako: Uhakiki wa Filamu ya Siku Mbili, Usiku Mmoja

Ndugu walimu, kila mmoja wetu amepata kufundisha mnyambuliko wa vitenzi, na bila shaka amewaonyesha wanafunzi wake jinsi kitenzi -sema kinavyozaa -semea. Lakini si mara nyingi tunapotua na kulitafakari neno hili. Mtoto aliyeonewa na kaka yake husema, "Nitakusemea kwa mama." Hapo kusemea ni kushtaki: ni kupeleka habari za mtu kwa mwenye nguvu ili mtu huyo aadhibiwe. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu mbele ya wakubwa humnong'oneza rafiki yake, "Nisemee." Hapo kusemea ni kumwazima ulimi mtu ambaye ulimi wake umefungwa. Umbo ni lile lile, na katika hali zote mbili yupo mkubwa anayesikiliza. Kinachotofautiana ni mahali aliposimama msemaji: amesimama upande wa mkubwa, au amesimama upande wa mwenzake?

Katika makala haya tunakusudia kuihakiki filamu moja ambayo, kwa maoni yetu, imeichunguza tofauti hiyo kwa makini kuliko kazi nyingi za sanaa tunazozifahamu. Inaitwa Deux jours, une nuit, yaani Siku Mbili, Usiku Mmoja. Imetungwa na kuongozwa na ndugu wawili wa Ubelgiji, Jean-Pierre Dardenne, aliyezaliwa 1951, na mdogo wake Luc, aliyezaliwa 1954. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei 2014. Ndugu hao wawili walikwisha pata tuzo kuu ya tamasha hilo, Palme d'Or, mara mbili: 1999 kwa filamu ya Rosetta, na 2005 kwa filamu ya L'Enfant. Sehemu kubwa ya kazi zao wameipigia Seraing, mji wa viwanda vya chuma ulio kando ya mto Meuse karibu na Liège.

Pengine msomaji atauliza: filamu ya Kifaransa ina haja gani katika jarida la walimu wa Kiswahili? Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, katika Kongo, Rwanda na Burundi lugha hizi mbili huishi katika ratiba moja ya masomo, na mwanafunzi anayeitazama kazi kwa lugha moja na kuijadili kwa lugha nyingine huongeza utajiri wa zote mbili. Pili, suala la mfanyakazi kumsemea mwenzake mbele ya bwana kutoka Ubelgiji si geni kwetu. Tarehe 9 Desemba 1941, mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, askari waliwafyatulia risasi wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière waliogoma wakidai nyongeza ya mshahara. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa akiwasemea wenzake. Kwa hiyo tunapoitazama filamu hii hatutazami mambo ya watu wa mbali tu.

Kisa kwa Ufupi

Sandra ni mke na mama wa watoto wawili. Anafanya kazi katika kiwanda kidogo cha paneli za umeme wa jua kiitwacho Solwal. Amekuwa likizoni kwa sababu ya ugonjwa wa huzuni, ule unaomfanya mtu ashindwe hata kuinuka kitandani, na sasa amepata nafuu na yu tayari kurudi. Alipokuwa hayupo, meneja wa kiwanda, Bwana Dumont, aligundua kwamba kazi ya watu 17 yaweza kufanywa na watu 16 wakiongezewa saa chache. Basi akawapa wafanyakazi hao 16 uchaguzi: ama kila mmoja wao apate bonasi ya yuro 1,000 na Sandra apoteze kazi, ama Sandra arudi na bonasi ifutwe. Siku ya Ijumaa walipiga kura, na 14 kati ya 16 wakaichagua bonasi.

Hapo ndipo filamu inapoanza. Juliette, rafiki wa Sandra na mmoja wa wale wawili waliomchagua, anampigia simu, kisha anamburura hadi kiwandani ili wamwahi meneja kabla hajaondoka na gari lake. Juliette anamweleza meneja kwamba kura ile haikuwa ya haki, kwani msimamizi Jean-Marc aliwatisha watu akiwaambia kwamba asipoondoka Sandra ataondoka mwingine. Meneja, aliyekwisha kaa nyuma ya usukani, anakubali kura irudiwe Jumatatu asubuhi, tena iwe ya siri. Sandra ana Jumamosi, Jumapili na usiku ulio kati yake kuwaendea wenzake mmoja mmoja na kuwaomba waiache yuro 1,000 kwa ajili yake. Anahitaji kura tisa.

Tunawaomba wasomaji wakizingatie kitendo hicho cha Juliette. Hakina hotuba, wala hakipewi muziki wa kukikuza. Ni mwanamke mmoja aliyesimama penye maegesho ya magari na kumwambia mkubwa wake, mbele ya mwenzake asiyeweza kusema kwa machozi, kwamba jambo hili si sawa. Bila dakika zile chache filamu nzima isingekuwapo. Waongozaji wamekiweka kitendo hicho mwanzoni kabisa, wakapita haraka, kana kwamba wanatuambia kuwa ushujaa wa kweli mahali pa kazi huonekana mdogo namna hiyo.

Mlango Baada ya Mlango

Fani ya filamu hii ni nyepesi kwa macho. Sandra anafika mlangoni, anabisha hodi, anaeleza shida yake, anajibiwa, anaondoka. Kisha mlango mwingine. Maneno anayoyasema ni karibu yale yale kila mara, na majibu nayo yanakaribiana: mmoja ana ada ya masomo ya mwanawe, mwingine ameachana na mumewe na anaanza maisha upya, wa tatu anajenga nyumbani. Mtazamaji aliyezoea sinema za mbio na bastola anaweza kuchoka. Lakini sisi tuliokulia katika ngano tunalijua umbo hili. Ni umbo la hadithi ambamo msafiri anapita kwa mnyama mmoja hadi mwingine akirudia ombi lile lile, na kila jibu linabadilika kidogo, mpaka msikilizaji anaanza kuisikia tofauti ndogo iliyojificha ndani ya marudio. Hapa marudio yanafanya kazi hiyo hiyo. Kufikia mlango wa nne hatuyasikilizi tena maneno ya Sandra. Tunautazama uso wa yule anayesikiliza.

Aidha, kwetu sisi neno hodi lina jibu lake, nalo ni karibu. Anayekaribishwa huingia, huketi, na hata akinyimwa anachokiomba hakunyimwa kiti. Katika filamu hii ni watu wachache mno wanaomkaribisha Sandra ndani. Mara nyingi anazungumza akiwa amesimama nje, kizingitini, au kwa kupitia chombo cha kusemea kilicho ukutani penye mlango. Mwanamke mmoja aliyekuwa rafiki yake anamtuma mtoto wake aseme kwamba mama hayupo. Waongozaji hupenda kuweka ukuta, ukingo wa mlango au nguzo katikati ya Sandra na yule anayezungumza naye, na kamera hukaa pale pale bila kukatisha, ikawaacha wote wawili wateseke mbele ya macho yetu. Hivyo umbali kati ya mfanyakazi na mwenzake tunauona kwa macho, wala hatuhitaji kuelezwa kwa maneno.

Tendo linalotugusa zaidi katika ziara hizo ni la Timur. Sandra anamkuta uwanjani, akiwafundisha watoto mpira. Kabla hajamaliza maelezo yake, Timur anaanza kulia. Anakumbuka kwamba alipokuwa mgeni kazini alivunja kipande cha paneli, naye Sandra akasema ni yeye aliyekivunja. Alimkingia kifua mbele ya wakubwa, kisha jambo likapita. Sasa Timur ameona haya kwa kura yake ya Ijumaa. Hapa tunaanza kuelewa kwamba Sandra si mhitaji tu. Kabla ya ugonjwa alikuwa mtu aliyepata kubeba kosa la mwenzake, na huenda ameshasahau. Mbegu hii ndogo ndiyo itakayochipuka mwishoni.

Meneja Mpole na Msimamizi Asiyeonekana

Katika riwaya na tamthilia zetu tumezoea kumwona bwana mbaya akiwa mbaya tangu kofia hadi viatu: anafoka, anatukana, anapiga. Bwana Dumont si wa namna hiyo. Ni mtulivu, mwenye adabu, anayesema kwamba ushindani wa viwanda vya Asia umembana na kwamba yeye binafsi hana chuki na mtu. Uovu wake haumo katika sauti yake. Umo katika swali alilowapa wafanyakazi. Amechukua uamuzi ambao ulikuwa juu ya mabega yake, yaani kumfukuza mtu aliyetoka kuugua, akauhamishia juu ya mabega ya watu 16 wenye shida zao, na akauita kura. Baada ya hapo kila mmoja wao ana hatia, naye amebaki msafi.

Jean-Marc, yule msimamizi, amechorwa kwa ustadi mkubwa zaidi. Wazee wetu wa pwani wangemwita mnyapara, na katika Kiswahili cha Kongo angeitwa kapita: yule aliye katikati, mwenye mkono mmoja kwa bwana na mwingine kwa wafanyakazi, ambaye mara nyingi huwa mkali kuliko bwana mwenyewe. Karibu filamu nzima hatumwoni. Tunasikia tu kwamba amempigia huyu simu, amemwambia yule hivi na vile. Hofu yake imetangulia katika nyumba nyingi kabla Sandra hajafika. Hatimaye, siku ya Jumatatu, anapotokea, ni mtu wa kawaida tu anayekana kila kitu. Walimu wa fasihi watakubaliana nasi kwamba mhusika anayetawala kisa bila kuonekana ni jambo gumu kulifanikisha, na hapa limefanikiwa.

Rosetta na Sandra

Ili tuuelewe uzito wa mwisho wa filamu, hatuna budi kurudi nyuma miaka 15, kwenye filamu ya Rosetta. Rosetta ni msichana maskini anayeishi na mama yake mlevi katika kambi ya magari ya kuishi. Anatafuta kazi kama mtu aliyezama atafutavyo hewa. Rafiki yake pekee ni Riquet, kijana anayeuza maandazi ya Kibelgiji kibandani. Riquet ana siri: anapika maandazi yake mwenyewe na kuyauza kwa siri pamoja na ya bwana wake. Rosetta anaijua siri hiyo, na siku moja anaipeleka kwa bwana. Riquet anafukuzwa papo hapo, na Rosetta anavikwa aproni yake.

Huko ndiko kusemea kwa maana ya kwanza. Wala filamu ile haimhukumu Rosetta kwa wepesi, kwani imetuonyesha njaa yake. Lakini aproni ile haimkai vizuri mwilini, na baadaye anaiacha kazi kwa hiari yake.

Sasa zingatieni jambo hili. Mwigizaji Fabrizio Rongione, aliyekuwa Riquet, kijana aliyeshtakiwa na rafiki yake, ndiye aliyerudi katika Siku Mbili, Usiku Mmoja kuwa Manu, mume wa Sandra, yule anayemshikilia mkewe asikate tamaa na anayemwendesha kwa gari kutoka mlango hadi mlango. Naye Olivier Gourmet, aliyekuwa bwana wa kibanda katika Rosetta, ndiye Jean-Marc. Hatudai kwamba waongozaji walikusudia fumbo. Tunasema tu kwamba anayezitazama filamu hizi mbili kwa kufuatana ataziona zikijibizana. Ya kwanza inauliza: je, mtu aliyebanwa anaweza kumwuza mwenzake? Nayo inajibu kwamba anaweza. Ya pili inalichukua swali lile lile na kulipeleka mbele ya mtu mwingine aliyebanwa.

Mizani ya Mwisho

Kura ya Jumatatu inatoka nane kwa nane. Sandra amekosa kura moja. Baada ya kuwaaga waliomuunga mkono, anaitwa ofisini kwa meneja. Bwana Dumont amefurahishwa na juhudi zake, au angalau anataka amani irudi kiwandani. Anamwambia kwamba wafanyakazi watapata bonasi yao, na yeye Sandra atarudishwa kazini baada ya miezi michache. Nafasi itapatikana kwa sababu kuna mfanyakazi wa mkataba wa muda ambaye mkataba wake hautaongezwa.

Mfanyakazi huyo tunamfahamu. Ni Alphonse, kijana mwenye asili ya Afrika, ambaye Sandra alimkuta jioni ya Jumapili mahali pa kufulia nguo. Alphonse alimwambia waziwazi kwamba dini yake inamtaka amsaidie jirani, lakini pia kwamba anamwogopa Jean-Marc na anauogopa mwisho wa mkataba wake. Hofu yake hakuificha, wala hakumkimbia Sandra.

Sandra anamjibu meneja kwamba hawezi kupokea kazi itakayopatikana kwa kumwondoa mwingine. Meneja anasahihisha: huko si kufukuza, ni kutoongeza mkataba tu. Sandra anasema ni kitu kimoja. Anatoka, anakusanya vitu vyake, anampigia mumewe simu na kumwambia kwamba wamepigana vizuri na kwamba ana furaha. Filamu inakwisha.

Hoja yetu kuu katika makala haya ni hii. Kwa muda wote wa filamu tunadhani kwamba tunatazama kisa cha mtu anayetafuta watetezi. Katika dakika za mwisho tunagundua kwamba tulikuwa tukitazama jinsi mtetezi anavyotengenezwa. Sandra aliyeburutwa na Juliette hadi maegeshoni siku ya Ijumaa, asiyeweza kusema, ndiye huyo huyo anayesimama peke yake mbele ya meneja siku ya Jumatatu na kumsemea Alphonse, ambaye hayumo chumbani. Hata tofauti ya majina ambayo meneja anaishika, kati ya kufukuza na kutoongeza mkataba, anaikataa kwa maneno machache. Walimu wa lugha hatuna budi kuliona hilo: upinzani wake umeanzia kwenye neno. Amekataa kuliita jambo kwa jina la kuliremba.

Tena ameyafanya hayo wakati ambapo faida yake yote iko upande wa pili wa mizani. Wale 14 wa Ijumaa waliulizwa: yuro 1,000 au mwenzako? Sandra ameulizwa: kazi yako, nyumba yako, mkate wa wanao, au mwenzako? Swali ni lile lile, na kwake ni zito zaidi. Ndiyo sababu jibu lake haliwatukani wale waliomnyima kura. Linaonyesha tu kwamba jibu jingine lilikuwapo.

Kuna methali yetu inayosema: mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Shuleni tumeizoea kuifundisha kuwa ni ya tahadhari, yaani yaliyompata mwenzako yatakupata nawe, kwa hiyo jitayarishe. Filamu hii imetufanya tuisome upya. Wale 14 walikuwa wameielewa methali vizuri kabisa. Walipoona Sandra ananyolewa, kila mmoja alitia kichwa chake maji na kunyamaza, maana Jean-Marc alikwisha waambia kwamba wembe utahamia kwa mwingine. Tahadhari yao ndiyo iliyompa mnyoaji nafasi. Hatusemi kwamba wahenga walikosea. Tunasema kwamba kulijua zamu lako na kuushika mkono wa mwenye wembe ni mambo mawili, na methali imetufundisha la kwanza tu.

Kasoro

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tupu, na filamu hii inazo. Ya kwanza ni tukio la katikati ambapo Sandra, baada ya kukata tamaa, anameza vidonge vingi kwa mara moja. Anapelekwa hospitali, anatibiwa, na kabla siku haijaisha yumo garini akiendelea na ziara zake. Jambo zito kama hilo lilistahili muda zaidi, ama liachwe kabisa. Jinsi lilivyo, linaonekana kama kizingiti kilichowekwa njiani ili mhusika akiruke.

Ya pili inahusu Alphonse. Sisi wasomaji wa Afrika hatuwezi kuipita. Alphonse ana sehemu moja kubwa tu ya kuzungumza, na baada ya hapo hatima yake inaamuliwa ofisini na watu wawili, mmoja akitaka kumwondoa na mwingine akimkinga, yeye mwenyewe hana habari. Filamu haimpi nafasi ya kuambiwa yaliyotendeka, wala ya kujibu. Amesemewa kwa maana njema ya neno, lakini bado amesemewa, hakusema. Ndugu hawa walipata kutunga filamu nyingine, La Promesse ya 1996, ambamo mfanyakazi kutoka Burkina Faso anaanguka kazini na kufa, na mtoto wa mwajiri wake anaahidi kumtunza mke wa marehemu. Mke huyo, Assita, anapewa sauti, hasira na uamuzi wake mwenyewe. Tulitarajia Alphonse apate walau nusu ya hayo.

Ya tatu ni kubwa zaidi, ingawa hapa hatuna uhakika kama ni kasoro ya filamu au ni ya nyakati. Walimu wanaoisoma na wanafunzi wao riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, watakumbuka jinsi mwandishi anavyotuongoza kutoka taabu za mtu mmoja, Rashidi, hadi kwenye mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948. Hali kadhalika Ousmane Sembène, katika Les bouts de bois de Dieu ya 1960, anausimulia mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger wa 1947 na 1948. Katika kazi hizo mnyonge hupata nguvu kwa kuungana na wenzake, na bwana hulazimika kuongea na kundi. Katika kiwanda cha Sandra hatuoni chama cha wafanyakazi. Bwana amejifunza kuwagawa watu kwa kura, na Sandra analazimika kuwaunganisha tena mmoja mmoja, kwa miguu, mwisho wa juma. Mwishowe amebaki na dhamiri safi, na hana kazi. Je, hiyo ni ushindi? Sisi tunaona kwamba ni nusu ya ushindi. Wanane walimchagua, na wanane si wawili. Lakini hakuna mahali filamu inapotuonyesha wanane hao wakiingia ofisini pamoja.

Chumba cha Walimu

Tumelichagua suala hili kwa sababu ambayo si ya kifasihi pekee. Nani kati yetu hajapata kuketi katika chumba cha walimu wakati mwenzake anakemewa isivyo haki? Mwalimu anadhalilishwa na mkuu wake mbele ya wote kwa kosa ambalo si lake, au ananyimwa stahili yake kwa sababu alikuwa mgonjwa, nasi tunainamia madaftari yetu na kusahihisha kwa bidii ambayo hatukuwa nayo dakika moja iliyopita. Mkubwa akishaondoka, tunamzunguka mwenzetu na kumpa pole. Pole hiyo ni ya kweli, lakini imechelewa. Sisi tunaoandika makala haya tumepata kuyainamia madaftari hayo, na tulipoutazama uso wa Timur pale uwanjani tuliutambua.

Kumsemea mwenzako si lazima kuwe ugomvi. Juliette hakumtukana meneja wala hakumfokea. Alimwambia jambo mahususi: kura haikuwa ya haki kwa sababu hii, na tunaomba irudiwe. Hakwenda kwa minong'ono, alikwenda pamoja na aliyeonewa. Tena alikwenda mapema, kabla gari halijaondoka. Haya matatu, yaani kulitaja kosa lenyewe, kuandamana na mwenye shida, na kutochelewa, tunaona yanafaa kuwa somo kwa yeyote anayefanya kazi chini ya mkubwa, na hata kwa wanafunzi wetu watakaokuwa wakubwa kesho.

Darasani

Kwa walimu wanaotaka kuitumia filamu hii darasani, tunapendekeza mambo machache. Ina urefu wa dakika 95, hivyo yafaa igawanywe katika vipindi vitatu. Sehemu ya kwanza iishie kabla Sandra hajaanza ziara zake, na wanafunzi waulizwe wao wangepiga kura gani, kila mmoja aandike jibu lake kwa siri na kulihifadhi. Sehemu ya pili itumiwe kwa mazoezi ya mazungumzo: mwanafunzi mmoja awe Sandra, wengine wawe wenzake, nao waigize hodi kwa Kiswahili, wakitafuta maneno ya kuomba bila kujidhalilisha na ya kukataa bila kutukana. Zoezi hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na litaonyesha upesi ni nani anayemudu lugha ya heshima. Baada ya sehemu ya tatu wanafunzi wayasome tena majibu yao ya kwanza, kisha waandike insha juu ya kitenzi -semea na maana zake mbili, wakitoa mifano kutoka filamu hii na kutoka maisha yao.

Mwalimu asiyeweza kuipata filamu anaweza kukisimulia kisa hiki kwa mdomo, kwa kuwa umbo lake la hodi na marudio linasimulika vizuri. Wenzetu watakaolijaribu somo hili tunawaomba watuandikie na kutueleza wanafunzi wao walipiga kura gani, na kama kuna aliyeibadili.